"Hang'ati Huyo": Mbwa, Punda na Njia Moja

Kila anayeswaga punda Dodoma ameshalisikia jibu hilo. Mbwa anachomoka uani, anabweka, mkia umesimama, kijana mwenye punda anapaza sauti, "Mama, mshike mbwa wako!" na kutoka barazani mama anajibu, "Pita tu mwanangu, hang'ati huyo." Mara nyingi mama anasema kweli. Mbwa wake hajawahi kumng'ata mtu. Ila mpaka jibu limfikie kijana, punda ameshageuka, kamba imekatika, madumu mawili yako chini na maji yameshanywewa na mchanga.

Madhara mengi ya njiani kati ya mbwa na wanyama wa kubeba hutokea bila jino kugusa ngozi. Chanzo chake ni mwendo: mbwa anayekimbia, mnyama anayekurupuka au kugoma, na binadamu anayeongeza fujo kwa fimbo, kelele au honi. Kwa hiyo mabishano ya kama mbwa fulani ni mkali au si mkali hayatufikishi mbali. Cha kuangalia ni nani anakimbia, anatokea upande gani, na yuko umbali gani.

Uingereza ugomvi huu ni wa farasi. Wenzetu wana njia maalumu za vijijini ambazo wapanda farasi, waenda kwa miguu na, tangu sheria ya mwaka 1968, waendesha baiskeli wanazitumia pamoja, na sheria hiyo inamtaka mwenye baiskeli awapishe wengine wote. Mbwa wanaofunguliwa kwenye njia hizo ni kero ya miaka mingi. Huku katikati ya Tanzania farasi ni wa kuhesabu, na sababu kubwa ni maradhi. Kuna ugonjwa wa virusi unaowashambulia farasi barani Afrika, unaoenezwa na usubi, wale wadudu wadogo wanaouma jioni, na farasi anayeupata mara nyingi hufa. Ongeza ndorobo wa mapori na nagana, ugonjwa wa mifugo wanaoueneza, utaelewa kwa nini wasafiri wa karne ya 19 waliokuja na farasi kutoka pwani hawakufika nao mbali. Punda virusi hivyo humpata pia, lakini ni nadra kumwangusha. Ndiyo maana kazi ambayo kwingine ilifanywa na farasi, Ugogo na Kondoa ilibebwa na punda, na njia zetu za farasi ni vile vijia vya punda vinavyokwenda korongoni, shambani na mnadani.

Farasi wachache waliopo nchini hawako nje ya habari hii. Jeshi la Polisi lina Kikosi cha Mbwa na Farasi, jambo linalotosha kuonyesha kwamba hawa wawili si maadui wa kuzaliwa. Wakizoeshwa wanaishi pamoja.

Mbwa anawaza nini

Mbwa anayemkimbilia punda huwa na moja kati ya mambo mawili kichwani, na kila moja lina dawa yake.

La kwanza ni uwindaji. Kitu kinachokimbia kinamwita mbwa akikimbize, hata akiwa ameshiba, hata kama hajui atakifanya nini akikifikia. Ndiyo maana mbwa yuleyule aliyelala kivulini wakati punda wanne wanapita taratibu, anaruka kama mshale punda wa tano anapopita mbio na mtoto mgongoni. Wenye bodaboda wanalijua hili vizuri kuliko sisi sote.

La pili ni ulinzi, na hili ndilo linalokomaa siku hadi siku. Mbwa wa nyumbani ana mpaka wake kichwani. Ukuta ukiwepo, mpaka ni ukuta. Usipokuwepo, mpaka unakuwa popote anapoamua yeye, na kwa kawaida unaimeza njia. Asubuhi punda anapita, mbwa anabweka, punda anatoweka. Kesho hivyohivyo. Mbwa hajui kwamba punda alikuwa anaelekea kisimani tangu mwanzo. Anajua amebweka na mvamizi ameondoka. Ameshinda. Baada ya miezi michache ya ushindi wa namna hiyo, mbwa aliyekuwa akibwekea mlangoni sasa anawafuata punda mpaka njia panda. Mwenyewe anasema mbwa "amekuwa mkali siku hizi", kumbe amefunzwa, na darasa lilikuwa wazi kila alfajiri.

Linganisha na mbwa wa wafugaji. Huyu amekulia zizini, ametembea katikati ya miguu ya ng'ombe, mbuzi na punda tangu yuko mdogo, na punda kwake ni jamaa wa boma. Kipindi kinachoamua hayo ni kifupi: kuanzia wiki ya 3 hadi kama ya 12 au 14 tangu kuzaliwa, mtoto wa mbwa hupokea kila anachokutana nacho kama kitu cha kawaida cha dunia. Akionyeshwa punda, watoto, mikokoteni na pikipiki katika wiki hizo, amepewa nusu ya malezi. Akifungiwa stoo mpaka afikishe miezi sita kwa imani kwamba atatoka mkali, atatoka mwoga, na mbwa mwoga ndiye anayevizia miguu ya nyuma.

Punda si farasi mdogo

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, hata waliozaliwa na punda uani.

Farasi akishtuka anakimbia kwanza, anafikiri baadaye. Ana kilo 400 au 500, na mtu yuko juu yake, kwa hiyo hatari kubwa ni ya kuanguka. Punda akishtuka hufanya kinyume: anasimama. Masikio yanageukia kinachomtisha, miguu inakita chini, shingo inakauka. Sisi tunaita ukaidi na tunachukua fimbo. Kumbe yuko katikati ya hesabu: hiki nikikimbie, nikipuuze, au nikipige? Ukimchapa wakati huo umemwamulia, na umemwamulia vibaya, kwa sababu sasa kuna maumivu nyuma na adui mbele. Atakwenda upande wowote ulio wazi, na upande ulio wazi mara nyingi ni ule uliosimama wewe.

Punda akiamua kupigana si mzaha. Hupiga teke la nyuma, kila mtu analijua hilo, lakini pia humng'ata mbwa shingoni na kumponda kwa miguu ya mbele. Namibia kuna wafugaji wanaochanganya punda na ndama wao makusudi ili wawafukuze duma na mbweha. Huku kwetu kuna fisi, na fisi hula punda. Kwa punda wa Bahi au Chemba, umbo la miguu minne linalomjia kwa chini, kabla jua halijachomoza, halina jina la Simba wala Popi. Ni kitu kilichokula wenzake.

Kuna pia suala la macho. Punda na farasi wana macho ya pembeni, wanaona karibu pande zote, isipokuwa nyuma kabisa ya makalio na sehemu ndogo mbele ya paji la uso. Mbwa anayekimbiza huingilia hasa nyuma, kwenye kile kipande kisichoonekana. Punda anamsikia, hamwoni, na anarusha teke kwa kukisia. Mtoto anayemswaga akiwa amesimama hukohuko nyuma ndiye anayelipokea.

Halafu mzigo. Madumu manne ya lita 20 ni kilo 80, zaidi ya nusu ya uzito wa punda wengi wa kienyeji. Mnyama aliyebeba hivyo hawezi kugeuka haraka bila kupepesuka, na anajua hivyo. Punda mtupu anarudi kisimani akimpuuza mbwa aliyemtia wazimu saa moja kabla. Tofauti ni mgongo.

Saa 11 alfajiri

Mbwa wa ulinzi hufungwa mchana na kufunguliwa usiku. Wengi hawafungwi tena mpaka mwenye nyumba aamke, anywe chai, aanze shughuli. Wenye punda, hasa kiangazi kuanzia Mei mpaka Novemba, hutoka saa 11 alfajiri kuwahi foleni ya maji na kukwepa jua. Kwa hiyo kati ya saa 11 na saa 1 asubuhi mbwa walio huru na punda waliobeba wako kwenye njia ileile, gizagiza. Jumamosi, siku ya mnada wa Msalato, ongeza makundi ya ng'ombe na mbuzi.

Mji nao umeongezeka. Tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, na manispaa kuwa jiji mwaka 2018, viwanja vimepimwa juu ya vijia ambavyo mifugo ilipita miaka nenda rudi. Nenda pembezoni kokote, Iyumbu, Nala, Ihumwa, Mtumba: nyumba imepauliwa, ukuta bado uko kwenye msingi, geti limeegeshwa tu, na mbwa wawili wameachiwa saiti pamoja na mlinzi. Njia ya zamani ya mifugo imekuwa kichochoro cha mita mbili kati ya uzio wa minyaa na rundo la kokoto. Kwenye njia pana punda na mbwa wangeonana kwa mbali na kila mmoja angekuwa na nafasi ya kukata shauri. Kichochoroni wanakutana pua kwa pua, na hakuna pa kupishania.

Mimi naona hapa ndipo penye kiini cha ugomvi, kuliko kwenye tabia ya mbwa. Wilaya zinapopanga matumizi bora ya ardhi huwa zinatenga njia za mifugo kwa ng'ombe. Punda mmoja mwenye madumu hakuna anayemfikiria, ingawa yeye hupita kila siku na ng'ombe hupita kwa msimu.

Ukiwa na punda

Kazi yote iko kwenye zile hatua thelathini kabla mbwa hajafika. Ukimwona anakuja, simamisha. Usiongeze mwendo, maana mwendo ndio anaoufuata. Shika kamba karibu na taya ya punda, simama begani kwake, si mbele wala nyuma, kisha mgeuze polepole mpaka uso wake uelekee kwa mbwa. Punda anayemtazama mbwa ana meno, ana miguu ya mbele na anajua kinachoendelea. Mbwa wengi hawana hamu na uso wa punda. Wakizoea kupata makalio wanayajia makalio.

Fimbo ielekeze chini. Ukiizungusha juu, mbwa anaweza kuogopa, lakini punda ataogopa zaidi kwa sababu anaijua. Mkemee mbwa kwa sauti nzito na fupi, "Rudi!", halafu nyamaza. Kupiga yowe mfululizo kwake ni kumsindikiza. Kuinama kama unaokota jiwe kunafanya kazi kwa mbwa wengi wa vijijini, hata pasipo na jiwe, nadhani kwa sababu wameshakutana na mawe ya kutosha maishani. Kulirusha ni jambo jingine: jiwe linalogonga bati au kumpita punda sikioni linaharibu kila ulichotengeneza.

Mbwa akisimama na kuanza kubweka akiwa amekita mahali pamoja, umeshavuka nusu. Sasa inakuja sehemu wanayoisahau wengi. Ukigeuka na kuondoka, mbwa ataona migongo miwili inamkimbia na atakuja mara ya pili, kwa kasi kuliko ya kwanza. Ondoka kwa mwendo wa kutembea, ukimwangalia kwa pembeni, punda akiwa ubavuni kwako, mpaka upite ule mpaka ulio kichwani mwake. Utaujua ulipo. Ataacha kubweka na kuanza kunusa nyasi kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kamwe usijizungushie kamba mkononi au kiunoni. Watoto wanapenda kufanya hivyo ili mikono iwe huru, na punda akikurupuka mtoto anaburuzwa. Mtoto aliyepanda punda afundishwe kuteremka mapema, mbwa angali mbali, kwa sababu kuanguka kutoka kwa punda anayeruka ndiko kunakovunja mikono. Kwa farasi ushauri ni tofauti kidogo: kama ameshahamaki, kuteremka kunaweza kukuweka chini ya kwato zake, hivyo mpandaji hukaa imara, hulegeza mwili, na kumgeuza amtazame mbwa.

Mkokoteni una shida yake, kwani punda wawili waliofungwa hawawezi kugeuka. Simamisha, weka jiwe kwenye gurudumu, walioko juu ya mzigo wateremke upande ulio mbali na mbwa, na mtu mmoja ashike vichwa vya punda.

Jambo moja zaidi, ambalo wenye punda hawapendi kulisikia: mwache mbwa wako nyumbani. Anayekusindikiza kisimani ndiye anayeita mbwa wa kila mji unaopita, na vita vyao vinapiganiwa chini ya tumbo la punda wako.

Ukiwa na mbwa

Mfunge kabla ya alfajiri, au mwekee waya mrefu uliokazwa kati ya miti miwili, mnyororo ukiteleza juu yake. Atalinda uwanja mzima bila kuifikia njia. Uzio wa miiba mahali ambapo njia inapakana na uwanja unatosha mpaka pesa ya ukuta ipatikane. Na mwite mbwa arudi wakati hakuna punda, kila siku, umpe kipande cha ugali akifika. Mbwa anayeitwa siku ya matatizo tu anajifunza kwamba jina lake lina maana ya kipigo, na mbwa wa namna hiyo ukimwita anazidi kwenda.

Ukiwa unatembea naye na ukaona punda au farasi mbele, toka njiani, mshike ukosi, simama mahali unapoonekana na uongee. Salimia: "Habari za safari?" Sauti ya mtu humtuliza mnyama, kwani hutambua kwamba pale pana binadamu. Kujibanza nyuma ya kichaka kwa nia njema ya kutomtisha ni kosa. Kinachojificha vichakani kwa punda ni chui au fisi.

Sheria haimwachi mtu nje. Kifungu cha 233 cha Kanuni ya Adhabu kinamhusu anayeendesha chombo au kupanda mnyama kwenye njia ya umma kwa uzembe unaoweza kudhuru watu, na kifungu hichohicho kinamhusu anayeacha kuchukua tahadhari dhidi ya hatari ya mnyama aliye mikononi mwake. Mwenye mkokoteni anayekimbiza punda kichochoroni na mwenye mbwa aliyemwachia wamo kwenye kifungu kimoja. Katika madai ya fidia huulizwa sana kama mwenye mbwa alijua tabia ya mbwa wake, na hapo malalamiko yaliyokwisha kufika kwa mwenyekiti wa mtaa yana uzito. Kwa hiyo kalalamike mapema, kwa maneno ya heshima, na hakikisha yameandikwa.

Njia ya mkato ya kutega sumu haifai. Ukiua mbwa wa mtaa, chakula walichokuwa wakila jalalani kinabaki, na wengine wasiojulikana wanahamia. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba kuua mbwa hakumalizi kichaa cha mbwa. Kinachokimaliza ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wote wa eneo.

Jino likigusa

Kidonda cha mbwa kwenye mguu wa punda kinadanganya. Juu unaona vitundu viwili, chini jino limezama mpaka kwenye nyama, na manyoya na kinyesi vimeingia humo. Farasi na punda wanashambuliwa sana na pepopunda, kwa hiyo kioshwe kwa maji mengi na sabuni, kiachwe wazi, na afisa mifugo wa kata aitwe. Mwoshaji avae glavu au mifuko ya plastiki mikononi.

Tahadhari hiyo ni kwa sababu ya kichaa cha mbwa, ambacho makadirio yaliyotumika kwa miaka mingi yanasema huua watu kama 1,500 Tanzania kila mwaka. Punda anaweza kukipata, na dalili zinaweza kuchukua wiki au miezi kujitokeza: anajing'ata mwenyewe, sauti inabadilika, anadondosha mate, anashindwa kumeza. Dalili hiyo ya mwisho ndiyo mtego. Mwenye punda anadhani amekwamwa na kitu kooni, anatia mkono mdomoni kukitoa, na mate yanaingia kwenye mikwaruzo ya vidole. Punda aliyeumwa na mbwa asiyejulikana atengwe na watoto, na akishindwa kumeza asishikwe mdomo na mtu yeyote.

Aliyeng'atwa mwenyewe aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, asipake mafuta ya taa, pilipili wala majani, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kuanza sindano. Asingoje kuona mbwa atafanya nini. Mbwa naye asiuawe kwa hasira, kama mwenyewe yupo na anajulikana. Afungwe na aangaliwe kwa siku 10. Akizimaliza akiwa mzima, basi siku aliyong'ata mate yake hayakuwa na virusi, na daktari anaweza kuamua kusitisha sindano zilizobaki. Akifa ndani ya siku hizo, afisa mifugo apewe taarifa mara moja kabla hajazikwa, kwa sababu kipimo cha uhakika hufanyika kwenye ubongo.